Fundi Rangi Aliyepoteza Pua, Akaitafuta Jikoni

Saa kumi na moja jioni kompresa inazimwa, na gereji nzima inaingia ukimya wa ghafla. Chini ya paa la mabati limesimama gari dogo jeupe, vioo vyake vimefunikwa magazeti, matairi yamevishwa magunia. Kando yake mwanamume wa miaka hamsini na ushee amechuchumaa, anapitisha kiganja juu ya mlango uliosuguliwa, polepole, kama mzazi anayepapasa paji la uso la mtoto kujua kama homa imeshuka.

"Hapa bado," anamwambia fundi mwenzake. "Pitisha msasa wa maji mara moja tu. Halafu ngoja kidogo."

Wenzake wanacheka. Hilo "ngoja kidogo" ndilo lililombatiza upya. Mafundi, wenye magari na hata mama anayewauzia chai wanamwita Fundi Ngoja. Jina alilopewa na wazazi wake amelihifadhi kwenye kitambulisho, na anasema limetulia huko, halina shida na mtu.

Anasimama, anajinyoosha mgongo, kisha anavua barakoa kubwa yenye vichujio viwili pembeni. Imemwachia alama nyekundu kuzunguka pua na mdomo.

"Huyu ni mke mdogo," anasema akiipangusa kwa kitambaa safi. "Mke mkubwa ndiye aliyenioza. Aliniambia siku nikionekana kazini bila huyu, nisirudi nyumbani."

Utani huo una kisa chake, na kisa chenyewe kilianzia kwenye sufuria.

Fundi Ngoja amepuliza rangi za magari tangu akiwa kijana. Kazi yenyewe, anasema, si kupuliza. Kupuliza hata mtoto wa shule anaweza. Kazi ni kungoja. Ukishapiga mkono wa kwanza wa rangi, lazima thina, kiyeyusho kilichochanganywa humo, itoke yote ndipo upige mkono wa pili. Ukiwahi, unaifungia thina chini, na siku gari likianikwa juani inatafuta njia ya kutoka.

Mafundi wengine hutazama saa. Wengine hugusa ukingo wa gazeti kwa ncha ya kidole. Yeye alikuwa ananusa.

"Thina ikiwa bado imo, harufu inachoma hapa juu," anasema, akionyesha katikati ya macho. "Ikishatoka, harufu inakuwa nyepesi, inakaribia kuwa tamu. Hapo ndipo nachukua bunduki yangu ya rangi. Sikuwahi kukosea, mwandishi. Miaka yote hiyo sikuwahi."

Kwa hiyo alinusa, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, na kinga yake ilikuwa kitambaa cha pamba alichokilowesha maji na kukifunga puani. Kila kijana aliyejifunza kazi kwake alifundishwa hivyo hivyo, afunge kitambaa, kisha akishushe kidogo anuse.

Kutoka gereji mpaka nyumbani kwake ni mwendo wa miguu. Njiani anasimama kwa muuza mboga wa kona, anachagua nyanya moja moja, anazigeuza, anazirudisha, anazichukua tena.

"Fundi, hizo ni nyanya, si bodi ya gari iliyobonyea," muuza mboga anamwambia. "Hazihitaji kunyooshwa."

"Ngoja kidogo," anajibu, na wote wawili wanacheka kwa sababu wote walijua atasema hivyo.

Nyumba ina vyumba viwili na jiko. Jiko lenyewe ni jembamba, watu wawili wakikutana humo lazima mmoja arudi nyuma. Kuna jiko la gesi la mafiga mawili, rafu ya mbao aliyoipigilia mwenyewe, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Rafu ameipaka rangi ya gari, nyekundu iliyokolea, na inang'aa kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba ile.

Ananawa mikono mara tatu: kwa mafuta ya taa, kwa sabuni ya unga, kisha kwa sabuni ya kuogea. Anabadilisha nguo. Anajifunga aproni aliyoshonewa na mkewe kwa mabaki ya vitambaa vya sare za shule, mfuko mmoja wa kijani, mwingine wa zambarau. Halafu anavuta pumzi ndefu, anachukua kisu, na mabega yake yanashuka. Ukimwona wakati huo utaapa kwamba ni mtu mwingine.

"Watu wakitoka kazini wengine wanakwenda kijiweni, wengine wanatazama mpira," anasema. "Mimi nakata vitunguu. Kule kutwa nzima kila mtu ananiharakisha. Huyu anataka gari lake leo, yule ana safari kesho. Humu ndani nani ataniharakisha? Maharage? Maharage yenyewe hayana haraka."

Alijifunza kupika akiwa kapera, akikaa chumba kimoja na fundi makenika ambaye mapishi yake, anasema, yangeweza kutumika kuziba matundu ya bodi. "Nilijifunza kwa kujihami."

Alipooa, mkewe alikuwa mshonaji wa kiwanda cha sare, anatoka saa moja usiku. Fundi alikuwa anatangulia kufika, na aliyetangulia ndiye aliyepika. Ilianza kama zamu, ikawa mapenzi.

Majirani walisema sana. Walisema ametiwa kiganjani. Walisema amelishwa dawa.

"Nikawaambia, kama nimelishwa basi nimejilisha mwenyewe, maana mpishi ni mimi," anasema. "Sasa hivi wake zao wanawatuma kwangu kuuliza mchuzi unakolezwaje."

Pua yake haikuondoka siku moja. Iliaga polepole, kama mgeni anayesema "haya, naondoka" huku bado amekaa. Mwanzoni alidhani ni mafua. Mafua yale hayakuwa na kamasi wala chafya, ila hakutaka kuyachunguza sana. Akawa anasogeza uso karibu zaidi na rangi, na karibu zaidi na sufuria.

Jikoni mchuzi ulianza kumpwaya mdomoni. Akaongeza chumvi. Haukukolea. Akaongeza pilipili, akaongeza kitunguu saumu, akarudi tena kwenye chumvi. Hakujua kwamba kilichopungua hakikuwa ndani ya sufuria.

Mkewe, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini na ulimi mkali, anakumbuka wiki zile vizuri mno.

"Siku ya kwanza nilidhani mkono umeteleza," anasema. "Siku ya pili nikadhani amenikasirikia. Siku ya tatu nikamwangalia anavyokula, anatafuna kwa raha zake, nikajua huyu hajui."

Kwa nini hakumwambia?

"Yule mtu anaingia hapa amepinda mgongo. Anakwenda jikoni. Akitoka na sufuria, amenyooka. Sasa nikimwondolea jiko, nimwachie nini?"

Basi wakala, yeye na binti yao wa sekondari. Walikula maharage yaliyokausha midomo na mchicha uliowatoa machozi. Binti anakiri alikuwa akijipoza na mkate kwa rafiki yake kabla ya kurudi nyumbani. Baba akiuliza, "Vipi, kimekolea?" wote wawili walijibu kwa sauti moja kwamba kimekolea, na kwa hilo hawakuwa wamesema uongo.

Siri ilivuja alipokuja mama mkwe.

Bibi huyo alikuja kwa siku tatu kuhudhuria kliniki ya macho. Fundi Ngoja humheshimu mno, na kwa heshima hiyo siku ya kwanza alimpikia samaki wa mchuzi. Mama mkwe alitia tonge la kwanza mdomoni, akafumba macho. Fundi akafurahi, akidhani ni utamu.

Bibi aliomba maji, kisha akaomba maji tena. Akala mpaka sahani ikawa tupu, kwa sababu mama mkwe mstaarabu habakizi chakula cha mkwe wake. Siku ya pili alivumilia kuku. Siku ya tatu aliweka kijiko chini, akajifuta mdomo kwa upole, akasema:

"Mwanangu, mkono wako nausifu popote niendapo, na sitaacha kuusifu. Ila chumvi ya siku hizi naona inakuja na ukoo wake wote."

Binti alipasuka kicheko mpaka akashika meza. Fundi naye alicheka, akidhani ni utani wa siku moja. Kisha akamtazama mkewe. Mkewe hakuwa anacheka. Alikuwa ameinamisha macho, anakunja kona ya kitambaa cha meza.

"Hapo nikajua si leo tu," Fundi anasema. "Nikajua wamekuwa wanakula hivyo siku nyingi, kwa ajili yangu."

Aliinuka akaenda jikoni. Alifungua kopo la kahawa, akanusa. Hakuna kitu. Akafungua karafuu. Hakuna. Akaponda kitunguu saumu kwenye kiganja, akakiweka puani. Hakuna. Mwishowe akatoa kwenye mfuko wake wa kazi kichupa cha thina, akakifungua.

"Thina, mwandishi! Mtu mwingine akiisikia kwa mbali anatokwa machozi. Mimi nanusa kama maji ya mtungi. Nikakaa chini pale sakafuni."

Aliwasihi mkewe na binti wasimwambie mtu. Hofu zake zilikuwa mbili, na zote kubwa. Fundi rangi anayepima kwa pua, akikosa pua, ni fundi wa nini? Na jioni akirudi, kama sufuria haimwambii kitu tena, atapumzikia wapi?

Akaendelea kwenda kazini kana kwamba hakuna kilichotokea. Alishusha kitambaa chake kama kawaida, akajifanya ananusa, kisha akakisia. Wiki chache alikisia sawa.

Halafu likaja gari la mama mmoja, jekundu, la kupakwa rangi boneti peke yake. Fundi alipiga mkono wa kwanza, akanusa, hakusikia mchomo wowote. Kutosikia mchomo, kwa miaka yote, kulikuwa na maana moja tu: thina imetoka. Mazoea yakamshinda akili. Akapiga mkono wa pili papo hapo.

Kesho yake gari lilipotolewa juani, boneti ilianza kufura. Kufika adhuhuri ilikuwa imekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Mafundi walizunguka gari lile. Mtu aliyeitwa Ngoja hakuwa amengoja, na hakuna aliyethubutu kutania.

Mwenye gereji, mtu mnene mwenye kupenda chai, alimwita pembeni. "Fundi, umeingiwa na nini?"

"Bosi, pua yangu imekufa," akasema. Lilikuwa limemkaa kifuani muda mrefu, likatoka lenyewe.

Mwenye gereji anakumbuka kwamba alikuwa amejiandaa kugomba, lakini hakugomba.

"Nilimwona kila siku anashusha kile kitambaa ananusa, na mimi nimekaa pale na kikombe changu namsifu," anasema. "Nawaambia wateja, huyu fundi wangu ana pua ya dhahabu. Kumbe naangalia mtu anajimaliza. Nilimwambia aweke bunduki chini. Si kwa kumfukuza. Nilimwambia tu aweke chini."

Aliiweka. Anasema alilia, na haoni aibu kulisema hilo gazetini.

Daktari aliyemwona hakumficha. Alimwambia mvuke wa rangi na thina umeichosha pua yake kwa miaka mingi; kwamba harufu inaweza kurudi, na inaweza isirudi; kwamba asipulize tena bila kinga ya kweli, na ikiwezekana asipulize kabisa. Halafu akampa zoezi la ajabu. Kila asubuhi na kila jioni anuse vitu vinne, kimoja kimoja, kwa utulivu, akikumbuka kila kimoja kilivyokuwa kinanukia zamani.

"Nilimuuliza, daktari, ninuse nini na pua haipo? Akasema, hata mtoto anayejifunza kusoma anaanza kwa kutazama herufi asizozijua."

Zikaja siku mbaya. Kazini alihamishiwa kusugua msasa na kuandaa bodi, na kipato chake kikapungua kwa karibu theluthi. Kijana aliyemfundisha mwenyewe ndiye aliyeshika bunduki. Nyumbani alikataa kukanyaga jikoni. Mkewe alirudi saa moja, akapika akiwa amesimama kwa mguu mmoja kwa uchovu, naye Fundi amekaa kwenye kizingiti anatazama ukuta wa jirani.

"Alinuna kuliko mtoto," mkewe anasema. "Chakula anakula kama anameza dawa. Vile vitu vya daktari vinakauka kwenye rafu. Nikavumilia, nikavumilia. Kisha nikachoka kuvumilia."

Jioni moja alifika, hakuvua hata viatu. Alichukua vitunguu, ubao na kisu, akavitua kwenye mapaja ya mumewe.

"Mimi nimeshona kola tangu asubuhi," akamwambia. "Pua imeharibika, sawa, nimesikia. Mikono je? Nayo imeharibika?"

"Nitawalisha chumvi tena."

"Chumvi nitatia mimi. Wewe pika."

Akapika, kwa shingo upande. Mkewe alivuta kigoda mlangoni mwa jiko, akatia miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akawa pua yake. Fundi anakoroga, anauliza, "Bado?" Mke anajibu, "Bado." Baada ya muda, "Sasa?" "Ngoja kidogo," mke anasema, na hapo wote wawili wakajikuta wanacheka kwa mara ya kwanza tangu boneti ile ifure.

Ikawa ndiyo desturi yao. Fundi akaita mpango ule "pua ya kuazima". Na kwa kuwa alikuwa amenyimwa mlango mmoja, akaanza kutafuta mingine. Aligundua kwamba vitunguu vikitiwa kwenye mafuta vinapiga kelele kama watoto wanaoogeshwa, na vikikaribia kuiva vinanong'ona. Aligundua kwamba nyanya ikiiva inaachana na mafuta pembeni, na mafuta yale yanang'aa kwa namna moja tu. Wali ukikaukia, mfuniko unaacha kutetemeka.

"Nikaanza kulala vizuri," anasema. "Chakula sikisikii, lakini nikiwa pale na mwiko mkononi, kichwa kinatulia. Nikaona kumbe raha haikuwa ya pua peke yake. Raha nyingine iko kwenye kukata, kwenye kukoroga, kwenye kumngoja mtu arudi ale."

Mkewe naye ana lake. "Tumekaa kwenye ndoa zaidi ya miaka ishirini tunapishana mlangoni. Mimi naingia, chakula tayari, tunakula, tunalala. Pale kwenye kigoda ndipo nilipoanza kuongea na mume wangu." Anaongeza haraka, asije akaonekana amelainika sana: "Na maji ya miguu anatia yeye."

Jambo la kwanza kurudi puani lilikuwa uvundo. Wiki mbili nzima kila kitu kilinuka tairi linaloungua: chai, sabuni, mto wa kulalia, hata dawa ya meno. Mtu mwingine angelalamika. Fundi alikwenda gereji anacheka.

"Nilifurahi, jamani! Harufu mbaya si ni harufu? Nikasema, mwenyewe amerudi, hata kama amerudi mlevi."

Kisha tairi lile likazimika, na kimya kikarudi palepale. Anasema huo ndio wakati aliokaribia kukata tamaa kabisa, kwa sababu alikuwa ameonjeshwa tumaini halafu likaondolewa mezani. Mkewe hakumpa nafasi ya kununa. Kila asubuhi alimwekea vile vitu vinne kando ya kikombe cha chai: ganda la ndimu, karafuu, kahawa, tangawizi.

Mwezi uliopita, akinusa ganda la ndimu huku mawazo yake yako kwingine, kitu kama uzi mwembamba kilipita puani. Alinusa tena, hakikuwapo. Kesho yake kikapita tena. Hakumwambia mtu kwa siku kadhaa, akiogopa kukitisha.

Tangu hapo, ndimu anaipata, na siku njema anapata tangawizi. Vitunguu, anavyovipenda kuliko vyote, bado. Kahawa bado.

Wengi waliosikia habari zake na kuonja chakula chake wamemshauri aache gereji, afungue mgahawa. Anatikisa kichwa kabla hujamaliza sentensi.

"Nikifungua mgahawa, nikitoka kazini nitapumzikia wapi?"

Mipango yake ni mingine. Gereji, kwa usumbufu wake, sasa haina mtu anayepuliza rangi bila barakoa ya vichujio, na kitambaa cha pamba kimebaki cha kupangusia vioo. Amemshawishi mwenye gereji kujenga chumba cha kupulizia chenye feni kubwa ya kutoa mvuke nje. Ukuta mmoja umeshasimama. Kijana aliyeshika bunduki yake anafundishwa kupima kwa saa na kwa kidole. Akishusha barakoa anuse, hata kwa utani, Fundi Ngoja anamtupia msasa.

Mwandishi wa makala haya anamtembelea nyumbani jioni moja ambayo mkewe amechelewa kiwandani. Binti anadurusu chumbani. Jikoni maharage yameshachemka, yanangoja kuungwa, na pua ya kuazima haipo.

"Basi leo niazime yako," Fundi anamwambia mwandishi.

Mwandishi ni pua mbovu. Ana kalamu mkononi, anaandika, anaulizwa "bado?" mara mbili hajibu, anaulizwa ya tatu anasema "nadhani sasa" wakati vitunguu bado ni vibichi. Fundi anainamisha sikio juu ya sufuria.

"Hapana. Bado vinagombana," anasema. "Wewe endelea na kuandika, ndugu yangu."

Anatia nyanya. Anakoroga. Anaeleza jinsi anavyotaka kumwalika mama mkwe tena, safari hii akiwa anajua mwenyewe anachompa, bila kuuliza mtu. Anasema hajui itakuwa lini. Inaweza kuwa mwezi ujao, inaweza isiwe kamwe, lakini samaki ameshamchagua kichwani.

Mlango wa nje unafunguka. Mkewe anaingia, mkoba begani, nyuzi za rangi ya kijani zimemganda kwenye mikono. Anavua viatu, anamsalimu mgeni, anajipenyeza kwenye jiko lile jembamba ili achungulie sufuria. Kwa ufinyu wa mahali inambidi apite chini ya kwapa la mumewe.

Fundi anaacha kukoroga.

"Mama."

"Nini? Kimeungua?"

Amesimama na mwiko hewani, matone yanadondoka kwenye aproni yenye mifuko ya rangi mbili. Anainama, anaweka uso wake kwenye bega la mkewe, juu ya kola, na kuvuta pumzi kwa pua, polepole, kwa muda mrefu.

"Unanuka mafuta ya cherehani," anasema.

Mkewe hatikisiki.

"Na jasho," Fundi anasema. "Unanuka jasho, mke wangu. Jasho jingi sana."

Mwanamke mwenye ulimi mkali anafungua mdomo, na ulimi haupo. Anaudondosha mkoba sakafuni. Anaishika aproni ya mumewe kwa mikono miwili kama anayeogopa kuanguka.

"Rudia," anasema.

"Unanuka jasho."

"Rudia tena."

Anarudia. Binti anatokea mlangoni, kalamu sikioni, anauliza kuna nini, kwa nini mama analia na baba anamtukana huku anacheka. Nyuma yao maharage yanatokota, na mwandishi, kwa kuwa ndiye pekee mwenye mikono mitupu, anapunguza moto.

Mkewe anajifuta macho kwa kiwiko.

"Basi leo siogi," anasema.